SpaceJet: jeti iliyokaa angani saa 3,900 bila kupata cheti

Tarehe 7 Februari 2023 Seiji Izumisawa, mkuu wa Mitsubishi Heavy Industries, alitangaza kwamba kampuni yake inaachana kabisa na SpaceJet, jeti ndogo ya abiria iliyokuwa ikisubiriwa tangu mwaka 2008. Ndege hiyo haikuwa mchoro wa kwenye karatasi. Ilikuwa imeundwa, imepaa, imevushwa hadi Marekani na kukaa angani zaidi ya saa 3,900 za majaribio. Gharama zake zinakadiriwa kukaribia yeni trilioni 1, zikiwemo takriban yeni bilioni 50 za serikali ya Japani. Pamoja na yote hayo, hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kuipanda kwa tiketi aliyoinunua.

Wengi hukieleza kisa hiki kwa sentensi moja: corona ilisimamisha usafiri wa anga, mradi ukakosa fedha, basi. Maelezo hayo hayatoshi. Kabla corona haijatikisa mashirika ya ndege, mradi ulikuwa tayari umeahirishwa mara 6. Ukizifuata tarehe moja baada ya nyingine, unaona wazi tatizo lilikoanzia. Mitsubishi ilijua kuunda ndege. Haikujua namna ya kuithibitisha ndege nzima mbele ya mamlaka ya anga, na ilichukua miaka mingi kukubali kwamba haijui. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha kisa chenyewe. Mengine yote, ukiwemo ule mgogoro wa uzito nitakaoufikia baadaye, yaliuma zaidi kwa sababu ya hicho.

Lazima kwanza tuitendee haki kampuni yenyewe. Hawa si wageni wa angani. Ndege za kivita za Mitsubishi zinajulikana tangu enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika karakana zake za Nagoya ndimo yanamotengenezwa mabawa ya Boeing 787, ambayo ni ya nyuzi za kaboni na ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote katika uundaji wa ndege za kisasa. Iliwahi hata kuuza ndege ndogo za biashara, MU-2 na MU-300, ingawa haki za MU-300 ziliishia mikononi mwa Wamarekani katika miaka ya 1980. Mtu akikuambia kwamba kampuni ya namna hii inataka kuunda jeti ya abiria 90, huna sababu ya kumcheka.

Ila kulikuwa na pengo. Ndege ya mwisho ya abiria iliyobuniwa Japani ilikuwa YS-11, ya injini mbili za pangaboi, iliyopaa kwa mara ya kwanza Agosti 1962 na kupata cheti mwaka 1964. Zilitengenezwa 182 tu, uzalishaji ukakoma miaka ya 1970. Hadi SpaceJet inaanza, vijana walioifanyia kazi YS-11 walikuwa wamestaafu au wamefariki. Idara ya usafiri wa anga ya Japani nayo, ambayo ndiyo ilipaswa kutoa cheti, haikuwa imepitisha ndege ya abiria ya kwao kwa zaidi ya miaka 40. Mtahiniwa na msahihishaji wote wawili walikuwa wanajifunza mtihani.

Mahesabu ya mwanzo

Wazo lilianzia kwenye Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda ya Japani mwaka 2003, lilipozungumziwa kama jeti ya viti 30 hadi 50. Soko likaonyesha kwamba viti 50 havilipi tena bei ya mafuta inapopanda, hivyo mchoro ukakua hadi kufikia ndugu wawili: MRJ70 na MRJ90, wa viti takriban 70 na 90. MRJ ndilo jina la kwanza la SpaceJet. Machi 2008 shirika la All Nippon Airways, ANA, likaagiza 25, yaani 15 za uhakika na 10 za hiari, na mradi ukazinduliwa rasmi. Kampuni tanzu ya Mitsubishi Aircraft ikasajiliwa Nagoya mwezi uliofuata, huku Toyota ikiwa miongoni mwa wanahisa. Mpango ulikuwa ndege ipae mwaka 2011 na ANA ikabidhiwe ya kwanza mwaka 2013.

Turufu ya mradi ilikuwa injini. Oktoba 2007 Mitsubishi ilikuwa ya kwanza duniani kuichagua injini mpya ya Pratt & Whitney yenye giaboksi. Katika injini ya kawaida ya jeti, feni kubwa ya mbele na turbini inayoizungusha kutoka nyuma hufungwa kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo huzunguka kwa mwendo mmoja. Hapo pana ugomvi wa kimaumbile: turbini hufanya kazi vizuri ikienda kasi sana, wakati feni kubwa hupenda kwenda polepole, maana ncha za mapanga yake zikizidi kasi hupoteza nguvu na kupiga kelele. Giaboksi ikiwekwa katikati, kila mmoja anapata mwendo wake. Feni inaweza kuwa pana zaidi, ikasukuma hewa nyingi kwa utaratibu, mafuta yakapungua na kelele zikapungua. Mitsubishi iliahidi akiba ya mafuta ya asilimia 20 hivi dhidi ya jeti za wakati ule za Embraer ya Brazil na Bombardier ya Kanada.

Ahadi hiyo ilikuwa ya kweli, na mashirika yaliielewa. Trans States Holdings ya Marekani ikasaini mkataba wa ndege 50 na haki ya kuongeza 50. SkyWest, shirika kubwa la safari fupi la nchi hiyo hiyo, likafuata mwaka 2012 kwa 100 na haki ya 100 nyingine. Baadaye Japan Airlines nayo ikaagiza 32. Kwa muundaji mpya kabisa, hicho ni kitabu cha maagizo ambacho wenzake wengi hawakuwahi kukiona.

Lakini turufu ya injini ina muda wake. Anayenunua injini kwa Pratt & Whitney si wewe peke yako. Juni 2013 Embraer ya Brazil ilizindua familia yake ya E2 ikiwa na injini za ukoo ule ule. E190-E2 ilipaa Mei 2016, ikapata vyeti vya Brazil, Marekani na Ulaya kwa pamoja Februari 2018, na Aprili mwaka huo ikaanza kubeba abiria wa Widerøe huko Norway. Hesabu mwenyewe: Embraer ilianza miaka 5 baada ya Mitsubishi, ikamaliza chini ya miaka 5, na ilipomaliza Mitsubishi ilikuwa bado inachora upya mfumo wa nyaya zake. Tofauti haikuwa akili ya wahandisi. Embraer ilikuwa imeshapita njia hiyo na ERJ 145 katika miaka ya 1990, kisha na E-Jets za kwanza kuanzia 2004. Walijua mkaguzi atauliza nini kabla hajauliza.

Bawa lililobadilishwa

Kuahirishwa kwa kwanza kulikuja Septemba 2009, na huko nyuma kulionekana kama jambo dogo. Awali bawa la MRJ lilipangwa liwe la nyuzi za kaboni, kama la 787. Kwa mtengenezaji wa mabawa ya 787, uamuzi ulijieleza wenyewe. Kumbe bawa la ndege ndogo ni jambo tofauti. Faida ya kaboni inaonekana zaidi kwenye bawa refu na kubwa. Kwenye bawa fupi, lenye mikunjo mikali, matundu ya ukaguzi na sehemu nyingi zinazohitaji kuongezwa unene, ile akiba ya uzito huliwa na viimarisho. Mitsubishi ikarudi kwenye alumini, na nyenzo za kaboni zikabaki asilimia 10 hadi 15 tu ya muundo, hasa mkiani. Katika mabadiliko hayo hayo kimo cha ndani kiliongezwa, na sehemu za mizigo zikaunganishwa kuwa moja upande wa nyuma. Makabidhiano yakasogezwa hadi 2014.

Mimi nauhesabu uamuzi ule kuwa sahihi. Alumini ilikuwa rahisi kuibadilisha pale majaribio yanapoonyesha kasoro, na wahandisi waliokubali kuitupa fahari ya kaboni walistahili pongezi. Kilichonitia shaka ni wakati wake. Ulifanyika mwaka mmoja na nusu baada ya ndege kuuzwa. Maana yake ndege iliuzwa kabla umbo lake la msingi halijatulia, na tarehe ya 2013 aliyoahidiwa ANA haikuwa na msingi wowote wa kiufundi.

Ushahidi kwanza

Kuahirishwa kwa pili, Aprili 2012, na kwa tatu, Agosti 2013, hakukutokana na kipande chochote kilichovunjika. Kulitokana na karatasi. Ilibidi kampuni irudi nyuma ihakiki hatua za utengenezaji moja moja na kuandaa maelezo ya kiufundi ya kuziunga mkono, kisha ikagundua kwamba kuandika ushahidi wa usalama pamoja na watengeneza vipuri wake ni kazi kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Msomaji asiyefuatilia mambo ya anga anaweza kudhani hizi ni urasimu tu. Sivyo. Ithibati ya ndege ya abiria ni mnyororo: kanuni inadai jambo, mbunifu anaonyesha ni sehemu gani ya ndege inayojibu dai hilo, kisha analeta hesabu au jaribio la kuthibitisha, kisha anaonyesha kwamba kilichotengenezwa kiwandani ni kile kile kilichopimwa. Bawa lazima libebe mzigo wa mara moja na nusu ya ule mkubwa kabisa linaoweza kukutana nao katika huduma, na lisikatike kwa sekunde 3. Abiria wote lazima waweze kutoka ndani ya sekunde 90 nusu ya milango ikiwa haitumiki, gizani. Yapo madai ya namna hiyo kwa mamia, na kila moja lina faili lake. Kiungo kimoja kikikosekana katikati, hata kama ndege ni salama, huna cha kumwonyesha mkaguzi.

Sasa angalia Mitsubishi ilikuwa imelelewa vipi. Boeing inapompa mtengenezaji kazi ya bawa, inampa michoro, vipimo na masharti. Yeye anatengeneza kwa usahihi wa hali ya juu na kukabidhi. Mzigo wa kusimama mbele ya mamlaka ya anga na kusema "ndege hii nzima ni salama, na hii hapa sababu" unabebwa na Boeing. Miaka mingi ya kuwa mtengenezaji bora wa sehemu inakufundisha kuheshimu masharti ya mwingine. Haikufundishi kuyaandika. Hatari ni kwamba, ukiwa bora kiasi kile, ni vigumu sana kuliona pengo hilo, kwa sababu kila unachokigusa kinatoka kizuri.

Chumba cha elektroniki

Ndege ilitolewa hadharani Oktoba 2014. Tarehe 11 Novemba 2015 ikapaa kutoka uwanja wa ndege wa Nagoya, ikakaa angani karibu saa moja na nusu, na Wajapani wengi waliiangalia kwenye televisheni kwa furaha ya haki kabisa. Marubani wakasifu ilivyoshikika. Mwezi uliofuata makabidhiano yakaahirishwa tena, kwa mara ya nne, hadi 2018. Januari 2017 ikaja ya tano, hadi katikati ya 2020, na hii ndiyo ninayoiona kuwa jeraha lenyewe.

Chini ya sakafu ya ndege ya abiria, upande wa mbele, kuna chumba kidogo kilichojaa kompyuta: za kuongoza mabawa na usukani, za umeme, za mawasiliano, za kupima mwendo na kimo. Kila kifaa muhimu kina pacha wake wa akiba, ili kimoja kikifa kingine kichukue. Ila akiba ina maana tu kama kitu kimoja hakiwezi kuua vyote viwili kwa mpigo. Bomu dogo likilipuka chini ya sakafu, au maji yakivuja yakaingia chumbani, je, kompyuta na pacha wake watakufa pamoja? Kama wamepangwa bega kwa bega katika chumba kimoja, jibu linaweza kuwa ndiyo. Kanuni za kisasa zinamtaka mbunifu ahakikishe kwamba jibu ni hapana, kwa kuwatenganisha.

Mitsubishi ilibaini, ndege za majaribio zikiwa tayari zinaruka, kwamba mpangilio wake haukidhi matakwa hayo. Dawa ilikuwa kuhamisha baadhi ya vifaa kutoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma. Kwa maneno inasikika rahisi. Lakini kifaa kinapohama, nyaya zake zote zinahama. Nyaya za ndege hazipiti popote: zimefungwa kwa mafungu, kila fungu lina njia yake, likikwepa mabomba ya mafuta na ya hewa ya moto, likikwepa pia njia ya pacha wake, kwa sababu nyaya mbili za akiba zikipita shimo moja ni sawa na kutokuwa na akiba. Joto la chumba cha nyuma linabadilika, hivyo upoozaji unahesabiwa upya. Uzito unahama kuelekea mkiani, hivyo mizani ya ndege inaguswa. Na ushahidi wote uliokwisha kuandikwa kuhusu mpangilio wa zamani unakuwa ushahidi wa ndege nyingine.

Hapo ndipo saa za majaribio zinapogeuka kuwa mtego. Tangu vuli ya 2016 ndege zilikuwa zimeanza kupelekwa Moses Lake, jimbo la Washington, kwenye uwanja mpana na anga tupu inayofaa majaribio. Hata safari ya kwanza ya kuvuka ilikuwa na misukosuko: Agosti mwaka huo ndege iligeuza na kurudi Nagoya mara mbili, siku mbili mfululizo, kwa hitilafu ya mfumo wa hewa, ikafika mwishoni mwa Septemba. Ndege 4 zikawa zinaruka huko. Agosti 2017 injini moja ilizimika angani karibu na Portland, nazo zikasimamishwa kwa muda. Yote hayo ni mambo ya kawaida ya majaribio na hayakuua mradi. Kilichouma ni kwamba ndege zile zilikuwa na nyaya za zamani. Zilikusanya data nzuri ya mwendo wa hewa, breki na injini, lakini hazikuweza kuleta cheti peke yake. Ndege ya kwanza yenye mpangilio mpya, yenye umbo lililokusudiwa kuidhinishwa, ilipaa tarehe 18 Machi 2020. Karibu miaka 12 kamili tangu mradi uzinduliwe.

Je, kosa hili lingeweza kuonekana mapema? Naamini ndiyo, na kwa gharama ya mikutano michache tu. Mhandisi aliyewahi kuipitisha ndege moja kwenye ithibati angeutazama mchoro wa chumba kile mwaka 2009 na kuuliza swali la bomu na maji kabla waya hata mmoja haujakatwa. Watu wa aina hiyo walikuja kuajiriwa, wengi wao kutoka nje ya Japani, lakini kwa wingi baada ya ndege kupaa. Alex Bellamy, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Bombardier, alikabidhiwa usimamizi wa uundaji mwaka 2018, miaka 10 baada ya uzinduzi.

Uhaba wa ujuzi huo duniani ulijionyesha hata mahakamani. Oktoba 2018 Bombardier ilifungua kesi Seattle ikidai kwamba wafanyakazi wake wa zamani walihama na nyaraka za siri na kuzifikisha upande wa Mitsubishi. Mitsubishi ilikana, ikafungua madai yake yenyewe, na baadaye wakapatana. Sina hukumu ya kutoa juu ya hilo. Ninachokitazama ni aina ya nyaraka zilizogombewa: hazikuwa siri za injini wala za umbo la bawa. Zilihusu ithibati.

Kilo 600

Wakati Nagoya wanahangaika na nyaya, soko nalo lilikuwa na ukuta wake, na ukuta huo haukujengwa na wahandisi.

Nchini Marekani mashirika makubwa kama American, Delta na United hukodisha mashirika madogo kuendesha safari fupi kwa nembo zao. Marubani wa mashirika makubwa waliona hatari zamani: mwajiri anaweza kuhamishia safari zao kwa marubani wa bei rahisi. Vyama vyao vikaweka mipaka kwenye mikataba ya kazi. Shirika dogo haliruhusiwi kurusha jeti yenye viti zaidi ya 76, wala yenye uzito wa juu wa kuruka unaozidi pauni 86,000, karibu kilo 39,000. Mimi sioni ubaya wa marubani kulinda mkate wao. Nataka tu ieleweke kwamba namba mbili zilizoandikwa mezani na vyama vya wafanyakazi zina nguvu juu ya umbo la ndege kuliko kanuni nyingi za fizikia.

MRJ90 katika uzani wake wa msingi ilikuwa na kilo 39,600. Imezidi kwa kilo kama 600, uzito wa abiria 6 hivi na mizigo yao. Matoleo ya masafa marefu yalifika hadi kilo 42,800. MRJ70 iliweza kuingia ndani ya mpaka, lakini kiwiliwili chake kilikuwa kifupi kiasi kwamba viti 76 vingekaa tu vikibanwa vyote kwa daraja moja, wakati mashirika yanataka daraja la kwanza na viti vya nafasi zaidi. Yaani ndugu mmoja alikuwa mzito mno na mwingine mfupi mno. Trans States na SkyWest, walionunua ndege 150 kwa pamoja, walikuwa Wamarekani. Maagizo yao yalitegemea vyama vikubali kulegeza mpaka huo, na mwaka baada ya mwaka vyama vilikataa.

Embraer ilianguka kwenye shimo hilo hilo. E175-E2 yake, yenye feni pana na bawa jipya, ilizidi kilo 44,000. Ilipaa Desemba 2019, kisha uundaji wake ukasimamishwa mwaka 2022. Tofauti ni kwamba Embraer ilikuwa na pa kuangukia: E175 ya kizazi cha kwanza, yenye injini za zamani za General Electric, inaingia ndani ya mpaka na inaendelea kununuliwa. Mitsubishi haikuwa na ndege ya zamani ya kuuza wakati inasubiri.

Juni 2019, kuelekea maonyesho ya ndege ya Paris, mradi ulibadilishwa jina kutoka MRJ kuwa SpaceJet, na ikatangazwa M100: ndege mpya iliyopimwa tangu mwanzo kwa mpaka wa Marekani, viti 76 vyenye nafasi na uzito chini ya pauni 86,000. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa mchoro bora kuliko yote waliyowahi kuchora. Mwezi huo huo walitangaza kununua mradi wa Bombardier wa jeti ndogo za CRJ kwa dola milioni 550 na kubeba madeni ya dola milioni 200. Walichokuwa wanakitaka hasa ni mtandao wa matengenezo na watu wanaojua kuhudumia jeti ndogo Amerika Kaskazini. Yote mawili yalikuwa maamuzi ya busara. Oktoba mwaka huo Trans States ikafuta agizo lake lote, kwa sababu ndege iliyoagiza haingeruhusiwa kuirusha.

Mwisho wa safari

Februari 2020 kukaja kuahirishwa kwa sita. Corona ikafuata. Mei bajeti ikakatwa na M100 ikawekwa kando, Juni ununuzi wa CRJ ukakamilika, na tarehe 30 Oktoba 2020 Mitsubishi ikaugandisha mradi wote ikisema itasubiri hali ya soko. Ndege zilizokuwa Moses Lake zilikuwa zimeshaacha kuruka.

Maelezo ya Februari 2023 yalikuwa ya uwazi usio wa kawaida kwa kampuni kubwa. Izumisawa hakujificha nyuma ya janga. Kampuni ilieleza kwamba mwanzoni haikuwa na uelewa wa kutosha wa mchakato wa kuithibitisha ndege changamano ya abiria, na kwamba haikuwa na rasilimali za kuendelea na uundaji wa muda mrefu. Iliongeza kwamba vyama vya marubani havikulegeza mipaka, na kwamba kwa kuwa mradi ulikuwa umekaa miaka mingi kiasi kile, teknolojia yake nayo ingehitaji kufanyiwa kazi upya ili kukidhi matakwa mapya ya kupunguza kaboni. Hili la mwisho ni chungu, kwa sababu injini ile ilipochaguliwa mwaka 2007 hakukuwa na ya kisasa kuliko hiyo.

Kilichobaki hai ni ile sehemu iliyonunuliwa mwishoni. Kampuni inayohudumia CRJ ipo, inaitwa MHIRJ, na inafanyia matengenezo jeti ndogo za wengine. Wahandisi wengine walielekezwa kwenye ndege mpya ya kivita ambayo Japani inaiunda pamoja na Uingereza na Italia.

Machi 2024 serikali ya Japani ilitoa mkakati wa kujaribu tena, ikilenga ndege mpya ya abiria kuanzia mwaka 2035 hivi, safari hii kwa ushirikiano wa kampuni kadhaa badala ya moja. Mkakati umeitaja SpaceJet na upungufu wake wa ithibati kwa jina. Mimi nitaufuatilia kwa jambo moja zaidi: watu walioikamilisha ile ndege ya Machi 2020, waliohamisha kompyuta, wakapitisha upya kila fungu la nyaya na kuandika upya kila faili, ndio Wajapani wachache wenye ujuzi ambao mwaka 2008 haukuwepo kabisa. Wengine wanakaribia kustaafu, wengine wameshatawanyika. Kufikia 2035 itakuwa imepita miaka 15 tangu ndege ile ipae.